Kipindupindu Hakina Kwao

Kidole gumba changu cha kulia kilikuwa mali ya Serikali, na asubuhi ile nilikitia mfukoni nikakataa kukitoa. Profesa Anselmi Mtulya, mkurugenzi wetu, alikuwa amesimama nyuma ya kiti changu, mikono kaikunja kifuani, ananingoja. Mbele yetu ukuta mzima ulikuwa umejaa mti wa Ukoo, mtambo wetu wa kupanga nasaba za vimelea, matawi mekundu kwa ya kijani, na pale chini panapokaa shina palikuwa na jina moja tu, Mabirikani. Nilitakiwa niliguse jina hilo, basi, kazi iishe, twende tukanywe chai.

"Sibonyezi," nilimwambia.

Aliniuliza kwa upole kama naumwa. Nikamjibu kwamba mimi mzima, na wala si kwamba sijaelewa. Nimeelewa vizuri sana, ndiyo maana nakataa.

Muhuri wa kwanza Ukoo huupiga wenyewe, haumwombi mtu ruhusa. Mtambo ukishaamua kwamba aina fulani ya kipindupindu ina kwao, yaani mtaa ilikozaliwa, palepale koki za mtaa huo zinajifunga, vizuizi vya barabarani vinashuka, na anayetoka ni daktari au maiti. Muhuri wa pili ndio unaohitaji kidole cha mchambuzi mkuu. Ukishapigwa huo, watu wanapakiwa kwenye malori kupelekwa kambini, nyumba zinabomolewa na udongo unamwagiwa chokaa. Mabirikani walikuwa wameshapigwa wa kwanza. Wa pili ulikuwa mfukoni mwangu.

Sisemi sheria hii ilitungwa na wendawazimu. Mwaka wa mafuriko makubwa kipindupindu kiliwaua watu wa Lukanda mpaka uwanja wa mpira ukageuzwa wodi, na ni Ukoo uliotambua kisima kilichokuwa kinatumaliza. Kisima kikafungwa, vifo vikapungua, baadaye vikakoma. Mimi mwenyewe nililazwa pale uwanjani, dripu yangu imening'inizwa kwenye mwamba wa goli. Kwa hiyo nilipoajiriwa na Taasisi ya Koo za Vimelea nilikuja kwa moyo wangu wote, na mpaka leo naamini kwamba adui ukishamjua ukoo wake umempunguza nguvu.

Kazi yenyewe ni hii. Kimelea kikijigawa, kinanakili vinasaba vyake herufi kwa herufi, na katika kunakili hukosea hapa na pale. Kizazi chake kinarithi kosa lile na kuongeza la kwake. Chukua pilau: bibi anamfundisha binti yake, binti anasahau iliki, mjukuu anarithi pilau lisilo na iliki na yeye anazidisha bizari. Ukionja masufuria ya mji mzima unaweza kupanga nani kajifunza kwa nani. Ukoo ndivyo unavyofanya. Unapokea vimelea kutoka kwenye vinusi, vifaa vya kunasa sampuli vilivyofungwa ndani ya mifereji ya majitaka, na kutoka kwenye vikopo vya choo cha wagonjwa, unalinganisha makosa, unapanga nasaba. Mtaa wenye matawi mengi na ya zamani kuliko mingine, huo ndio unaoitwa kwao.

Profesa alinyoosha mkono akanionyesha matawi ya Mabirikani, moja baada ya jingine, kwa ile sauti yake ya darasani. Nilimwacha amalize. Kisha nikamwambia atazame sampuli zimetoka wapi, maana karibu zote za aina hii zilitoka huko huko Mabirikani. Akasema ni kwa sababu wagonjwa wako huko. Nikasema ni kwa sababu wanaotoa wako huko.

"Mtambo unaona pale unapooneshwa, Profesa. Mtaa uliofungua mlango ndio unaoonekana mchafu."

Alivua miwani akaifuta kwa tai. Hakupandisha sauti, hapandishi kamwe. Alisema kesho asubuhi atakuja mchambuzi mwingine kutoka makao makuu, na kidole cha huyo hakina maneno mengi. Kisha akasema kama nina ushahidi nilete sampuli, nisilete hasira. Kauli hiyo ilikuwa ya haki, na nilichukia mno kumsikia akisema la haki siku ile.

*

Mabirikani ni mtaa wa wapishi. Harusi yoyote ya Lukanda yenye heshima, maulidi, kipaimara, hitima, chakula kinatoka kule. Ukipita siku ya Ijumaa unakuta masufuria makubwa yamepangwa barabarani na wanawake wamekaa kwenye mbuzi wanakuna nazi, wanasemana huku wanacheka. Siku hiyo nilikuta barabara tupu, kizuizi kimeshuka, na upande wa pili wa uzio foleni ya ndoo mbele ya gari moja la maji ambalo lilikuwa halijafunguliwa.

Bi Siwatu Mkumbukwa alikuja uzioni aliponiona. Ndiye kiongozi wa chama chao cha wapishi, mwanamke mnene wa sauti ya chini, mwenye mikono iliyobabuka kwa mvuke. Ndiye aliyepika kwenye harusi yangu. Ndoa ile ilishakufa, lakini pilau lake bado nalikumbuka.

Alinieleza hali bila kulia. Tangu koki zifungwe, watu walikuwa wamerudi kwenye yale mabirika ya zamani yaliyoupa mtaa jina, maji ya mvua yaliyolala, yenye viluwiluwi. Wagonjwa walikuwa wameongezeka badala ya kupungua. Mkwe wake amelazwa ndani, mimba yake kubwa, anatapika hata mate. Nilimsikiliza nikijua kitu ambacho yeye hakukijua: kila mgonjwa mpya pale alikuwa anahesabiwa na Ukoo kama tawi jipya la Mabirikani. Tuliwakatia maji wakaugua, na ugonjwa wao ukawa ushahidi kwamba tulifanya vyema kuwakatia.

"Sisi tulikuja wenyewe, mwanangu," alisema. "Hakuna aliyetushika mkono. Mpishi akiharisha hashiki mwiko mpaka nyie mseme yuko salama. Hiyo sheria tumeitunga sisi, hata mtambo wenu haujaja."

Nikamwambia nalijua hilo, mama. Kweli nililijua. Kituo chetu cha vikopo kiko barabarani, karibu na soko, hakina hata pazia la maana, na kila mtu Lukanda anajua anayesimama kwenye foleni ile tumbo limemvurugika. Watu wengine hawaji. Humeza vidonge, husema nimekula kitu kibaya, wakaendelea na safari zao. Wapishi wa Mabirikani walikuja na khanga zao na vikopo vyao, hata kwa mchafuko mdogo wa tumbo, kwa sababu jina la mpishi likiharibika hakuna wa kulirudisha. Walikuwa wanafanya hivyo miaka yote.

Akaniambia wenzake sasa wamemnunia. Kuna aliyemwambia usoni kwamba kama wangemeza vidonge na kunyamaza kama watu wa mitaa mingine, leo wangekuwa wanapika. Alilisema hilo polepole, akitazama chini, na nikaona ndilo lililomuumiza kuliko kiu.

"Basi niambie," akasema. "Kesho kutwa nani atakuja tena na kikopo?"

Katika vikao vyote vya Taasisi sijawahi kusikia mtu akiuliza swali hilo, na ndilo swali lenye uhai wa mji mzima. Kisha akaniuliza la pili, la moja kwa moja: ni sisi au si sisi? Ningeweza kumpa moyo. Nikamwambia sijui. Nikamwambia inawezekana ni wao, inawezekana si wao, ninachojua ni kwamba hatujatazama kwingine.

"Basi katazame," akasema, akarudi kwenye foleni ya ndoo.

*

Kutazama kwingine ni rahisi kusema. Juu ya Lukanda kuna Mawinguni, kwenye majumba ya ghorofa na mabwawa ya kuogelea, na wapishi wa Mabirikani hupanda huko kila mwisho wa wiki kupika. Mawinguni hakuna mfereji wa umma. Kila nyumba ina shimo lake la majitaka, na sheria inasema sampuli haichukuliwi mahali bila ridhaa ya mwenye mahali. Kwenye mifereji ya uswahilini mwenye mahali ni Serikali, nayo iliridhia zamani. Kwenye mashimo ya Mawinguni mwenye mahali ni mheshimiwa fulani, na waheshimiwa hawaridhii kitu kama hicho.

Nilipiga simu hospitali mbili za huko kuomba sampuli za wagonjwa wao. Ya kwanza walinijibu kwamba siri ya mgonjwa haitolewi. Ya pili waliniuliza kwanza natokea ofisi gani, kisha wakanijibu hivyo hivyo. Nilizisihi, nikazitisha, nikazisihi tena. Devota, fundi mkuu wa maabara yetu, alikuwa anakamua maziwa yake kwenye chupa nyuma ya pazia huku ananisikiliza. Alikuwa na mtoto mchanga nyumbani, na kwa sababu hiyo hakuwa na subira na watu wakubwa.

"Dada, hao hawakupi," akasema. "Ungekuwa na shimo lako mwenyewe ungejipa ruhusa mwenyewe."

Hakuwa na maana yoyote, alikuwa analalamika tu, kwa sababu dirisha lilikuwa wazi na harufu ya gari la majitaka ilikuwa inaingia. Lilikuwa limekuja kunyonya shimo la Taasisi. Watu walikuwa wanapita uani wameziba pua. Nilisimama na simu mkononi, nikalitazama lile gari, nikamtazama Devota, naye akanitazama, na pazia likamponyoka.

Sisi pia tuko nje ya mfereji wa umma. Jengo letu lilijengwa kabla mfereji haujafika, likabaki na shimo lake. Tulifunga vinusi mji mzima, chini ya kila mtaa wa watu wa kawaida, na hakuna hata mmoja wetu, pamoja na elimu zetu zote, aliyefikiria kukifunga kimoja chini ya choo chetu. Na mwenye mahali, kwa shughuli za kawaida, ni mkuu wa zamu. Wiki ile mkuu wa zamu nilikuwa mimi.

Nilishuka ngazi nakimbia nikamzuia dereva kabla hajawasha pampu. Alifikiri nimechanganyikiwa. Nikavaa mabuti ya mpira, nikaomba ufito mrefu, nikafunga chupa za maabara kwenye ufito kwa vimo tofauti, nikazizamisha shimoni, ya juu, ya kati, ya chini kabisa. Vijana wa uhasibu walichungulia dirishani wakacheka mpaka wakakohoa. Mchambuzi mkuu, daktari wa falsafa, ananing'inia juu ya choo. Wacheke.

Kuna jambo moja kuhusu shimo ambalo mfereji hauna. Mfereji unapitisha na kusahau. Shimo linatunza: tope la jana liko juu ya tope la mwezi jana, na la chini kabisa ni la zamani sana. Nikiwa nimeshikilia ufito ule nilikuwa nimeshika historia ya matumbo ya Taasisi nzima.

*

Devota alisoma vinasaba, mimi nikapanga. Alasiri ilipofika tulikuwa na jibu.

Kipindupindu cha Mabirikani kilikuwa chooni kwetu. Aina ile ile, makosa yale yale, na zaidi ya hapo. Kwenye tope la juu kulikuwa na matawi yanayofanana na ya wapishi. Kwenye tope la kati kulikuwa na matawi ambayo Ukoo haujawahi kuyaona. Kwenye tope la chini kulikuwa na wahenga wao wote, wametulia, kabla mgonjwa wa kwanza wa Mabirikani hajasimama kwenye foleni ya vikopo. Kina nani waliwaleta, sijui. Kuna watu wetu wanaishi Mawinguni, wengine Mabirikani, wengine njiani, wote wanakula kwenye kantini moja. Nikakumbuka wangapi msimu ule walisema wamekula kitu, wakameza vidonge, wakaingia kikaoni.

Nililijaribu pembeni, kwenye nakala isiyounganishwa na mtambo. Mti ukageuka. Matawi ya Mabirikani yote yakajikusanya yakawa kitawi kimoja kidogo, na shina likahama, likaja kukaa chini ya jina letu.

Devota aliuliza kama maana yake ni sisi tuliouanzisha. Nikamwambia hapana, na hilo ndilo jambo lenyewe. Shina lilikuwa Mabirikani tulipotazama Mabirikani, limehamia hapa tulipotazama hapa, na tukipata shimo la Mawinguni linaweza kupanda kilima vilevile. Kwao na kipindupindu hatupajui. Labda hakina kwao Lukanda hii, kiko tumboni mwa mji mzima na kinatembea.

Sasa kulikuwa na njia mbili. Ya kwanza, nimpelekee Profesa matokeo haya kwenye karatasi, aseme ahsante, aunde kamati, na kesho asubuhi yule mwenye kidole kisicho na maneno apige muhuri. Namjua Profesa. Angeunda kamati nzuri sana. Ya pili, niziingize sampuli moja kwa moja ndani ya Ukoo, kama sheria inavyoniruhusu, na kuuacha mtambo ufanye ulichotengenezewa. Aina moja hupewa kwao mahali pamoja tu. Shina likihama, Mabirikani inafunguliwa dakika hiyo hiyo, na panapofungwa ni hapa, na sisi tukiwa ndani.

Nilitaka kufanya hilo la pili kwa furaha yote. Kisha nikaanza kuwafikiria watu. Mfagizi wetu ana mama mgonjwa nyumbani. Vijana wa uhasibu ni wapumbavu lakini hawajamfungia mtu maji. Nilikuwa karibu kuwatenda wenzangu kitu kile kile nilichokuwa nakilaani, kwa ushahidi ule ule mbovu, na safari hii nikijua kabisa kwamba ni mbovu. Na juu ya hayo kulikuwa na hofu kubwa zaidi. Kama kwa bahati mbaya mtambo ulikuwa sahihi mara ya kwanza, kama kweli chanzo kilikuwa Mabirikani, basi ningekuwa nimekifungulia mlango kiingie mjini.

Lakini nilijua pia kinachoendelea kule kwenye yale mabirika wakati mimi nasitasita. Hofu yangu ilikuwa ya huenda, na kiu ya mkwe wa Bi Siwatu haikuwa ya huenda. Nikaamua.

Nilichukua kipaza sauti cha jengo nikatangaza kwamba nahitaji sampuli ya choo ya kila mfanyakazi, kwa hiari, na atakayetoa ikasomwa akaonekana yuko salama nitamruhusu aende nyumbani mapema. Sikusema kwa nini. Ningesema, Profesa angekata umeme wa chumba changu. Nikasikia kicheko kikipita korido nzima. Walikuja watu wawili, mfagizi na mpishi wa kantini. Wote walikuwa salama, wakaondoka. Wasomi hawakuja hata mmoja.

Devota alitoa ya kwake bila kuombwa. Ilipokuwa safi nikamwambia achukue chupa zake za maziwa aende.

"Na wewe dada?"

Nikamwambia mimi sina anayeninyonya. Alinikumbatia kwa nguvu mpaka miwani ikanitoka, akaondoka akikimbia, na nilisubiri dirishani mpaka nilipomwona amevuka geti.

Kisha nikatoa kidole mfukoni nikabonyeza, sampuli za shimo letu zikaingia kwenye Ukoo.

*

Mwanzoni hakukuwa na kelele yoyote. Ukoo ulipanga, ukapangua, ukapanga. Kwenye ukuta jina la Mabirikani lilififia, na mahali pake likajiandika, Taasisi ya Koo za Vimelea. Kisha geti la nje likashuka kwa kishindo, na mabomba ndani ya kuta yakaguna yakanyamaza. Mtu aliyekuwa ananawa mikono ghorofa ya chini akauliza kwa sauti nani kafunga maji.

Nilifungua ramani ya mabomba ya mji. Mstari wa Mabirikani uliokuwa mweusi ulianza kuwa bluu, kutoka barabara kuu kuelekea ndani, uchochoro kwa uchochoro, ukafika mpaka kule mwisho penye mabirika. Nililia. Nililia waziwazi, peke yangu, nikiwa nimeshika meza, na sioni haya kulisema.

Profesa Mtulya aliingia bila kubisha hodi, mara ya kwanza tangu nimjue. Aliutazama ukuta, akautazama tena.

"Futa," alisema.

Nikamjibu kwamba siwezi, sampuli ni za kweli, zimechukuliwa kwa ridhaa ya mwenye mahali. Nikamwonyesha mabuti yangu, bado yalikuwa yananuka. Akasema hili ni kosa la kitaalamu la waziwazi, shimo haliwezi kulinganishwa na mfereji, sampuli moja ya tope la chini inauvuta mti mzima, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaweza kuliona hilo. Alikuwa sahihi kila neno. Nilimwacha amalize, kama asubuhi.

"Hapa si kwao na kipindupindu," alisema.

"Najua, Profesa."

"Unajua, na umetufungia."

"Mabirikani nako uliniambia mti unatosha. Huu hapa ni mti, na hoja zako zote hizi leo asubuhi hukuwa nazo."

Alikaa kwenye kiti cha Devota. Kwa muda alikuwa mzee tu aliyechoka. Akaniuliza, safari hii kwa kweli na si kwa kunipima, kama nimefikiria kwamba kule kunaweza kuwa ndiko, na kwamba watu watakufa kwa kidole changu. Nikamwambia nimefikiria, na bado nafikiria, na sitalala nikiacha kufikiria. Nikamwambia tofauti yetu ni hiyo tu, kwamba mimi nitakesha kwa ajili ya watu wa Mabirikani nikiwa nimefungwa, na yeye alikuwa amepanga kulala kwake Mawinguni.

Hilo lilimpata. Akapapasa mfukoni akatoa simu, akairudisha. Alijua sheria kuliko mimi, aliiandika yeye mwenyewe. Mahali palipofungwa hapafunguliki kwa kuomba wala kwa kulia. Hufunguka shina likihama, na shina halihami bila sampuli mpya kutoka mahali papya. Na mtu pekee Lukanda nzima mwenye uwezo wa kuamuru mashimo ya Mawinguni yasomwe, na hospitali zao zifungue majokofu, alikuwa ameketi mbele yangu, koo limemkauka, anatafuta glasi ya maji isiyokuwepo.

"Wataniuliza nilianza na nani," alisema hatimaye. "Wakubwa wale. Wataniuliza kama mimi mwenyewe nimetoa."

Nikamwambia ndiyo, watauliza, na ni haki yao. Nikafungua kabati nikatoa kikopo kipya chenye mfuniko mwekundu, nikakiweka mezani katikati yetu. Alikitazama kama hajawahi kukiona, naye ndiye aliyesaini ununuzi wa vikopo vyote vya mji ule. Nje, kwenye korido, watu walikuwa wameshajua, nilisikia mtu akilia na mwingine akigombana na geti.

Aliniuliza kama lazima apite mbele yao. Choo kiko mwisho wa korido, nikamwambia, hakuna njia nyingine. Akavua tai, akaikunja, akaiweka mfukoni. Akachukua kikopo. Hakukificha, na hilo nampa, alikishika mkononi wazi kama wanavyokishika wapishi.

Alipofika mlangoni aligeuka.

"Na nikitoka huko nitanawa na nini?"

"Utanawa kama wanavyonawa waliofungwa, Profesa. Kisha uje tupige simu."